Mjomba Maulid Aachishwa Boti

Nasima alikuwa msimamizi wa hoteli ndogo ya ufukweni Ushongo. Nahodha wa boti ya wageni pale alikuwa mjomba wake, Maulid. Siku moja Maulid aliwashusha wageni, mume, mke na mtoto wao, kwenye fungu la mchanga, akawaacha waogelee, yeye akaenda kuvusha abiria wake wa pembeni, wa kujipatia chake. Akakawia. Maji yakajaa. Wavuvi waliowaokoa waliwakuta yamewafika kifuani, mtoto yuko mabegani kwa baba, sauti imemkauka kwa kulia.

Nasima alipopata habari, hasira zilimpanda. Mara mwenye hoteli, Ernesti, akapiga simu kutoka Arusha.

"Mfukuze sasa hivi, mbele ya wenzake! Vitu vyake vitupwe nje ya geti!"

"Huenda akafukuzwa, lakini si kama kuku aliyeingia jikoni," Nasima akamjibu. "Sheria inataka aandikiwe kosa lake, apewe muda wa kujiandaa, asikilizwe. Na msikilizaji nisiwe mimi. Ni mjomba wangu, tena natamani kumrarua. Mlete Saleha, meneja wako wa Pangani."

Ernesti alifoka weee, mwisho akakubali.

Nyumbani nako moto. "Kaka yangu unamweka kitako kama mwizi?" mama yake alimjia juu. "Ya ndani hayamalizwi ndani?"

"Mtoto yule si wa ndani, mama. Ndiyo maana humu hakuna anayemlilia."

Siku ya kikao Maulid alikuja na mfanyakazi mwenzake, Sabiri, wa kumsemea.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba," akaitika, macho dirishani.

Sabiri akaeleza miaka yote ambayo Maulid alisafirisha watu salama. Kisha Maulid mwenyewe akasema, "Bahari hii naijua. Niliona muda ninao. Na hakuna aliyekufa, sasa makelele ya nini?"

"Hakuna aliyekufa!" Nasima akaruka kitini.

"Nasima, mwache amalize," Saleha akamkanya.

Akakaa, meno kayauma. Alingoja neno la pole kwa wale watu. Halikutoka.

Saleha alipowasikiliza wote, akamwachisha Maulid kazi. Akamweleza sababu moja moja, akamwambia haki zake zote atapewa, na asiporidhika aende kulalamika Tume ya Usuluhishi wa migogoro ya kazi. Ernesti alikuwa ameagiza mlinzi ampekue mkoba. Nasima akakataa katakata. Akamsindikiza mjomba wake mwenyewe, kwa mlango wa mbele.

"Haya, umefurahi?" Maulid akamuuliza getini.

"Sijafurahi. Hasira ninazo mpaka sasa. Ungewaambia pole tu, mjomba!"

Maulid akapanda bodaboda, akaenda zake. Kwenye Tume hakwenda.

Sikukuu ya Idi alikuja kwa dada yake. Nasima akamnawisha mikono, akampakulia pilau kabla ya wengine, kama inavyompasa mkubwa. Kisha akawaacha wote wakila pamoja, yeye akaenda kula jikoni peke yake.