Msimu Lori la Baba Mdogo Lilipokaa Kwetu

Harufu ya grisi ikichanganyika na ya udongo uliolowa mvua hunisimamisha hata nikiwa na mzigo kichwani. Naweza kuwa napita tu karibu na gereji ya barabarani, na ghafla niko tena darasa la tatu, nimekaa kwenye kiti cha lori, miguu haifiki chini, na nyuma ya kioo naona majani ya migomba yakidondosha maji. Nataka kueleza msimu ule wa masika. Naandika polepole, na nikiharakisha herufi zinarukana, kwa hiyo atakayekuta neno limekosewa au mstari umepanda mlima anisamehe. Nilisoma shule ya msingi tu, na tangu nimalize nashika jembe zaidi ya kalamu. Kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, ndiyo maana nimeona bora niandike.

Nyumbani kwetu Nyakatuntu tulikuwa watatu: Bibi, mama na mimi. Baba yangu alifariki kabla sijajua kutembea. Babu naye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, udongo wake bado haujatulia. Mwanamume aliyebaki ni Baba mdogo Evarist, na yeye alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu. Kwetu kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hakiachwi bila mwenyewe. Wazee wa ukoo walikwisha kumtaja Baba mdogo kuwa mrithi, na mrithi ni lazima aje akae pale pale baba yake alipolala. Yeye kila alipopiga simu alisema, "Nakuja, mama." Kisha tunasikia amepata mzigo mwingine, yuko mbali tena.

Akaja kwa sababu lori lilimharibikia. Alikuwa anapeleka saruji mpakani Murongo, na kwenye mlima wa karibu na kwetu giaboksi ikaanza kupiga kelele. Akalikokota hivyo hivyo, akaliingiza kwenye njia yetu nyembamba, upande huu mikahawa ya Babu, upande huu migomba, mpaka kwenye uwanja wa nyasi mbele ya nyumba. Lilikuwa lori na tela lake. Sikuwa nimewahi kuona kitu kirefu hivyo kikiingia mahali pafupi hivyo. Alilisimamisha kichwa kikitazama upande wa pili wa uwanja, kwa sababu alipanga likipona ataendelea mbele, akate kwenye nyasi na kutokea barabarani kule chini. Gari jingine likaja kuhamisha saruji, utingo akaondoka nayo, giaboksi ikafunguliwa ikapelekwa Mwanza. Tajiri wake akamwambia asubiri. Akasubiri, mvua ikaanza, na lori likawa kama mtu wa nyumbani. Kuku walitaga chini ya tela. Mama alianika maharage juu yake jua lilipojitokeza. Asubuhi ukungu ukishuka, ungeona kichwa tu, kama nyumba ya pili iliyojengwa usiku bila kutuambia.

Kila nikitoka shule nilipitiliza moja kwa moja kwenye lori. Baba mdogo alikuwa ananifungulia mlango, ananivuta juu kwa mkono, kisha anaendelea na kazi yake ya kusafisha vitu visivyohitaji kusafishwa. Ndani kulikuwa na harufu ya dizeli, ya sabuni ya kipande na ya kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani na kukaushwa, ambayo alitembea nayo kwenye kopo ili asisinzie njiani. Mimi nilikuwa mtoto wa kunyamaza. Shuleni walinicheka. Nyumbani walinihurumia. Yeye hakufanya lolote kati ya hayo. Aliongea tu, na akiniuliza swali hakudai jibu.

Aliongea kuhusu jangwa. Kabla ya kazi hii aliwahi kuendesha katika nchi za kaskazini, kwenye mchanga, na moyo wake ulibaki huko. Alisema huko lori moja linavuta matela matatu, limeungana kama treni, ila treni isiyo na reli. Ukiwa mbele humwoni wa nyuma kwa vumbi. Barabara inaanza asubuhi imenyooka na jioni bado imenyooka, haina kona wala mlima, na gari linalokuja unaliona kama kipande cha vumbi, unakunywa chai, unamaliza, bado hamjapishana.

"Mti je?" niliwahi kumuuliza, na lilikuwa swali langu la kwanza kwake.

"Hakuna."

"Mnakaa wapi jua likiwaka?"

"Chini ya tela. Kivuli unakwenda nacho mwenyewe." Akacheka. "Na huko hakuna rivasi, Koku. Na matela matatu unarudije nyuma? Ukikosea njia unakwenda mbele tu mpaka upate pa kuzungukia."

Mimi niliyezaliwa kwenye vilima, ambako huwezi kuona mbele zaidi ya mgomba wa jirani, nilifumba macho nikajaribu kuiona ile nchi. Nilishindwa, nikaitamani. Siku nyingine nilimtamani yeye abaki, siku nyingine nilitamani anichukue. Vyote viwili vilikaa ndani ya kifua kimoja na havikugombana, kwa sababu lori lilikuwa limeharibika na hakuna aliyetakiwa kuchagua.

Bibi ndiye aliyekuwa anachagua. Asubuhi moja tuliamka tukamkuta uwanjani na jembe, ameshachimba mashimo mbele kabisa ya lori, mstari mmoja kukata njia yote ya kutokea. Pembeni yake kulikuwa na miche ya migomba, ile ya ndizi za kupika, ameing'oa kwenye shina la Babu mwenyewe.

"Mama, hapo ndipo nitakapopita," Baba mdogo alisema akiwa mlangoni na mswaki mdomoni.

"Utapita kwenda wapi?" Bibi hakuinua kichwa. "Koku, lete samadi."

Nikaleta samadi. Mama alinitazama, akatazama lori, akaingia jikoni akicheka ndani ya kanga. Jirani yetu Mzee Laurenti, ambaye kila jambo la uwanja wetu alilitazama kutoka kwenye uzio wake, akapaza sauti: "Evarist! Polisi wa barabarani wamekuwekea kizuizi!"

Sisi tulielewa wote. Kwetu mgomba unaokua haukatwi ovyo. Na mgomba aliopanda mama yako, kwenye kibanja cha baba yako, ukiung'oa au ukiukanyaga umeshasema mbele ya watu kwamba wewe si mtoto wa nyumba hiyo. Bibi hakuhitaji kubishana na mwanawe. Alipanda, mvua ikanyesha, miche ikashika, na majani mapya yakaanza kufunguka moja moja mbele ya taa za lori.

Jumapili moja baada ya kanisa wazee wa ukoo walikuja. Bibi aliwapa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakakaa uwanjani, wakamwuliza Baba mdogo waziwazi kama anakaa au hakai kwenye kibanja chake. Yeye akawajibu kwa heshima, ameinama: "Wazee wangu, lori likipona mtaniona." Wakanung'unika, wakanywa. Nami nyuma ya mlango nikaanza kuomba giaboksi ipotelee Mwanza.

Haikupotea. Ilirudi na fundi wakati mvua zinapungua. Siku ile injini ilipowaka kuku walikimbia mpaka kwa Laurenti, na moshi ukajaa kwenye migomba. Baba mdogo alishuka akasimama mbele ya ile miche. Ilikuwa imefika kifuani kwake. Aligusa jani moja kama mtu anayepima kitambaa. Bibi alikuwa mlangoni pa jikoni, mikono kifuani, ameshika mwiko. Kisha Baba mdogo akapanda juu, na badala ya kwenda mbele, lori likatikisika, likaanza kurudi nyuma.

Mtu asiyejua magari hawezi kuelewa. Ukirudi nyuma na tela, ukikata usukani kushoto lenyewe linakwenda kulia, na ile shingo inayoliunganisha nayo ina mawazo yake. Njia yetu ilikuwa nyembamba kiasi kwamba mikahawa iligusa mbao za tela pande zote. Alirudi kidogo, likapinda, akaenda mbele, akalinyoosha, akarudi tena. Majirani wakajaa.

"Leo tutakunywa kahawa iliyosagwa na matairi!" Laurenti alipiga kelele.

"Evarist, oa tu hapa upumzike!" mwanamke mmoja akadakia, watu wakacheka.

Bibi hakucheka. Alisimama vile vile mpaka kisogo cha tela kilipoanza kuilalia mikahawa ya Babu. Hapo akaangusha mwiko, akakimbia, mzee yule ambaye kwenda kanisani tulimshika mkono, akasimama nyuma ya tela na kupunga kanga.

"Kushoto! Kushoto nimesema! Huo kaupanda baba yako, umelewa?"

"Mama, kushoto kwako au kwangu?"

"Kushoto ni kushoto! Simama! Haya, njoo. Njoo taratibu. Njoo, mwanangu."

Akamtoa hivyo, yeye mwenyewe, hatua kwa hatua, mpaka matairi ya nyuma yakaikanyaga barabara. Nilikuwa nimeshika mti wa uzio na nilikuwa nalia bila sauti, maana nilijua amejibu swali la wazee.

Alirudi kwa miguu kutuaga. Alipita kwanza kaburini, kisha akapiga goti mbele ya Bibi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Si ungeipita tu ile migomba?" Bibi alisema, bado anahema.

"Ni yako, mama. Ningeipitaje?"

"Basi nani atakaa na baba yako?"

Alinitazama, nadhani si kwa kunichagua, ila kwa sababu mimi peke yangu sikuwa nimesema neno. Wazee walikaa tena baadaye, wakalalamika sana, na mwisho kibanja kikabaki kwa jina lake na kwa mikono yetu.

Sasa mikono hiyo ni yangu zaidi. Mama mgongo unamsumbua, Bibi anaota jua. Malori yanapita mengi kuliko zamani, marefu, mapya, na madereva wake hawageuzi hata shingo. Watoto wa siku hizi hawayashangai. Baba mdogo yuko jangwani, anavuta matela matatu kama alivyosema. Huwa anatuma video kwenye simu. Bibi anaitazama kwa karibu sana, anauliza, "Migomba yao iko wapi?" na nikimwambia haipo, ananirudishia simu kama mtu aliyekataa chakula. Mimi naitazama tena nikiwa peke yangu shambani. Amewahi kusema niende nikamtembelee. Nilisema nitafikiria, nikarudi kupalilia. Akipiga siku ya mvua ananiomba nitoe simu nje, nisiongee, asikilize inavyopiga kwenye majani. Nami akimaliza namwomba anyamaze, nisikilize injini. Tunakaa hivyo, salio linaisha, hatujazungumza chochote.

Wewe unayesoma hapa, kama unaishi kwenye nchi ya namna ile, au umepita huko ukiwa juu ya lori, niandikie. Nitajibu, ingawa nitachelewa. Usinieleze kwamba ni kuzuri, hilo nalijua. Nieleze mtu akikaa huko muda mrefu huwa anatamani nini. Kama ni hiki nilicho nacho hapa, nataka kukisikia kwa mtu mwingine, kwa sababu yeye nikimwuliza anacheka tu, na mimi aibu hainiruhusu kumwuliza mara ya pili.