Siku Nilipomwandika Namba Saba

Mpaka leo nikisema mbele za watu kwamba niliwahi kuwa mwamuzi wa mbio za baiskeli, wazee wa Vwawa wanaonifahamu hutazama kwanza makalio yangu ndipo wanitazame usoni, na siwalaumu, maana aibu ile niliivaa mwenyewe na kuifunga vifungo. Makalio nitayaeleza. Hayo yanachekesha. Kuna sehemu nyingine ambayo haichekeshi hata kidogo, na hiyo ndiyo inayonikera mpaka kesho.

Ilikuwa miaka ya sabini, lami ya kwenda Tunduma ingali mpya, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ihanda, kijana mwenye kaptula nyeupe ya kunyooshwa kwa pasi ya mkaa na kiburi cha kuzidi mshahara. Shirika moja la umma la Mbeya (silitaji) lilitaka kuanzisha timu yake ya baiskeli, timu ya watu wa kulipwa mshahara na kupewa nyumba, kazi yao iwe kukimbia tu. Wakaandaa mashindano ya kutoka Tunduma mpaka uwanja wa Vwawa. Timu ni watu watatu, muda unahesabiwa anapofika wa tatu, na mmoja akiondolewa timu nzima imeondoka. Watatu watakaoshinda wanaajiriwa wote. Timu zilikuwa tano, lakini kila mtu alijua ni mbili tu, ya Tunduma iliyovaa jezi za bluu na ya kwetu Ihanda iliyovaa chochote.

Nahodha wa Ihanda alikuwa Ezekia Nzunda, jirani yangu, namba saba. Huyu hakuwahi kufundishwa na mtu. Alikuwa anabeba magunia ya kahawa kwa baiskeli kutoka mashambani mpaka ghala la ushirika, gunia nyuma na debe mbele, miaka sita mfululizo, sasa mtu kama huyo ukimwondolea gunia unategemea nini? Kazi ile ya Mbeya aliitaka kwa roho yake yote. Alikwisha kumwachia mdogo wake miche ya kahawa, na mkewe alikwisha kufunga vyombo kwenye kikapu. Mimi nikachaguliwa mwamuzi kwa sababu nilijua kusoma kanuni, na kwa sababu, nasikia, nilionekana mtu wa haki.

Nilitakiwa kufuata mbio kwa pikipiki, nyuma ya bwana shamba. Ilikuwa mwezi wa tano, na asubuhi ile baridi ilikuwa inauma masikio, nami nimevaa kaptula (nani alinituma?). Basi Bwana Salimu, msafirishaji wa Tunduma aliyewanunulia vijana wa bluu zile jezi, akafungua mlango wa lori lake akaniambia, "Mwalimu, utaganda huko. Panda humu mbele, kuna joto, na chai ipo." Lori lenyewe alikuwa amelipaka rangi upya kwa ajili ya siku hiyo, mlango wa nyuma mwekundu kabisa. "Ila nyuma usiguse, rangi bado mbichi, baridi imekataa kuikausha." Nikamwambia bwana shamba atangulie peke yake. Nikapanda. Ndivyo nilivyojimaliza, kwa chai ya maziwa na karanga za kukaanga.

Mbio zikaanza, na kwa mwendo mrefu sikuwa na kazi. Ihanda mbele, Tunduma nyuma yao, wengine sijui wapi. Tulipofika kwenye mlima mmoja mrefu, Ezekia na wenzake wakawa wamewaacha bluu mbali, nasi tukawapita wale bluu polepole, polepole mno, Bwana Salimu anaendesha kama aliyebeba mayai, jicho lake liko kwenye kioo. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kushoto. Nilitazama kioo cha upande wangu nikaona kiwiko. Kiwiko cha jezi ya bluu, kimenyooka, mkono umeshika mlango wa nyuma wa lori nililopanda mimi mwamuzi, kanuni ikiwa kwenye mapaja yangu, ukurasa wa pili, kwamba atakayeshika gari ameondolewa. Ndugu zangu, nilikiona. Miaka mingi nimewaambia watu sikukiona, leo nasema nilikiona. Nikageuza shingo nikaanza kumenya karanga. Ningemwambia nini Bwana Salimu na chai yake iko tumboni mwangu?

Kilele kilipokaribia, kiwiko kikatoweka na lori likaongeza mwendo. Daftari langu lilikuwa halina hata mstari mmoja, nami nikaanza kuona haya, kwamba nitafika Vwawa na daftari tupu wadhani nilikuwa nimelala.

Basi tumebakiza kama maili mbili, tuko nyuma ya Ihanda, barabara inakata kona kubwa kuzunguka shamba la mahindi, mbele tukaona akina mama wanakuja na mizigo ya kuni kichwani, wamejaa barabara wakishangilia. Ezekia alikuwa anaongoza. Ghafla akakata kushoto, akaingia kwenye mahindi na baiskeli yake, akapotea. Wenzake wawili wakapita katikati ya akina mama. Tulipomaliza kona tukamwona Ezekia ametokea upande wa pili, mbele kama hatua mia, amesimama chini, mguu mmoja kwenye lami, anawasubiri wenzake. Walipomfikia ndipo akapanda, wakaendelea watatu. Hakupata faida hata ya dakika, kwanza alipoteza.

Na sababu niliijua palepale. Mama mmoja kati ya wale alikuwa mama mkwe wake. Kwetu Unyiha mwanamume hakutani uso kwa uso na mama wa mkewe, anapisha, anaingia hata kwenye miiba, na hilo hulifikirii, mwili unageuka wenyewe kabla ya akili. Mtoto wa darasa la pili analijua.

"Mwalimu, umeona?" Bwana Salimu akauliza.

"Nimeona."

"Ameacha njia. Andika basi."

Nikaandika. Namba saba, ameacha barabara, amerudi mbele ya pale alipoiachia. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku hiyo.

Uwanjani Vwawa, Ihanda walifika wa kwanza wote watatu, watu wakambeba Ezekia juujuu. Bluu wakafuata. Nikaambiwa nipande juu ya lori ili nionekane nitangaze, nami kwa haraka ya ukubwa nikapandia nyuma, nikakalia ule mlango mwekundu kwanza ndipo nikavusha miguu. Onyo la Bwana Salimu lilikwisha kunitoka kichwani. Nikasimama na kipaza sauti, wanafunzi wangu wako mstari wa mbele, nikatangaza kwamba Ihanda imeondolewa na mshindi ni Tunduma.  Waliombeba Ezekia wakamshusha chini taratibu.

Bwana mkubwa wa shirika, mtu wa kwao mbali, mwenye miwani na karatasi zake, alikuwa amesimama juu ya lori pamoja nami. Alikuwa muungwana, nakiri. Akauliza kwa sauti, wote wakasikia, "Ndugu mwamuzi, kuna sababu yoyote iliyomfanya aache njia? Kama ipo nitaifikiria."

Nikamtazama Ezekia. Yeye mwenyewe asingeweza kusema, mambo ya mkwe hayatangazwi uwanjani na mwenye mkwe. Akasema tu, "Mwalimu anajua."

Hapo ndipo ningeokoa mtu. Maneno matano yangetosha. Lakini nikafikiria, nikianza habari za wakwe mbele ya mgeni huyu wa shirika ataniona mshamba wa mila, mimi ninayefundisha siasa na maendeleo, tena watasema nambeba jirani yangu. Nikajibu, "Hakuna sababu." Akaandika "hakuna", akasaini, akanipa kalamu nami nisaini. Nikageuka kumpokea karatasi, nikawapa watu mgongo.

Kicheko kilianzia kwa wanafunzi wangu. Kikapanda. Sikuelewa, nikadhani ni furaha ya Tunduma, nikainama zaidi kusaini vizuri (fikiria), kicheko kikazidi. Halinga, mmoja wa wenzake Ezekia, akasogea mpaka chini ya lori.

"Mwalimu, hiyo rangi nyekundu kwenye kaptula umeipata wapi?"

Nikapapasa nyuma. Kiganja kikarudi chekundu. Nikasema kwa hasira, "Kwenye mlango wa lori, sasa kuna nini?"

"Hakuna neno. Na yule namba tatu wa bluu, ambaye hajapanda lori tangu asubuhi, yeye kaipata wapi?"

Watu wakamgeukia namba tatu, naye mjinga akaficha mikono nyuma. Wakamshika, wakaiinua. Kiganja chekundu. Wakainua ya mwenzake, chekundu. Wa tatu alikuwa amejipangusa kwenye jezi, ikawa mbaya zaidi.

Bwana wa shirika akavua miwani. "Ndugu mwamuzi, wakati hawa wameshika lori wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani ya lori."

"Lori lipi?"

"Hili."

Sitaki kueleza kelele zilizofuata. Kuna mama alikaa chini kabisa kwa kucheka. Nikamtazama Bwana Salimu anisaidie, naye akanijibu kwa upole wake uleule, "Mwalimu, mimi nilikupa chai. Sikukwambia ufumbe macho." Hilo lilinichoma kuliko kicheko, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Zogo likiendelea wakaingia wale akina mama wa kuni, waliokuwa wamegeuka kufuata mbio na kupata habari mlangoni. Ezekia aliposikia tu sauti zao akachutama nyuma ya watu, shati kalivuta mpaka usoni. Mama mkwe wake naye akasimama upande wa pili wa lori, ametupa mgongo, amejifunika kanga kichwani, akawa anamnong'oneza mdogo wake naye anasema kwa sauti: kwamba dada anasema, kijana aliingia kwenye mahindi kwa heshima yake, kosa ni lake yeye kwa kupita barabarani, na kama ni kumtoa mtu basi yeye yuko tayari kuomba radhi kwa serikali. Mwanamke mtu mzima, kuni ziko kichwani, anaomba radhi kwa kosa nililolibuni mimi.

Bwana wa shirika akaeleweshwa na wazee maana yake. Akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Wewe ni mtu wa hapa. Ulilijua hili?"

"Nililijua."

"Nilikuuliza mbele ya watu wote. Ukasema hakuna."

Nikajikakamua nikasema basi tufute, tuanze upya, Ezekia hakufaidika, aliwasubiri wenzake, makosa haya mawili hayalingani hata kidogo. Nilisema yote, na vizuri, kwa kipaza sauti. Nilikuwa nimechelewa kwa nusu saa. Akanijibu kwamba akimrudisha mmoja baada ya kusaini atakuwa hana la kuwajibu Tunduma, kwamba kanuni ni moja, aliyeacha njia nje na aliyeshika gari nje. Akachora mistari miwili kwenye karatasi, urefu uleule kwa wote.

Kazi wakapewa vijana watatu wa Mlowo, waliokuja kufika jua limepanda, mmoja anasukuma baiskeli yenye pancha, hawaelewi kwa nini wanapigiwa makofi. Walidhani wanakejeliwa. Wakaenda Mbeya, wakapewa nyumba, na sina kinyongo nao.

Nilirudi nyumbani kwa miguu nimejifunga koti kiunoni. Siku ya tatu nikaenda kwa Ezekia. Nilimkuta kwenye miche yake, kikapu cha vyombo bado kimefungwa mlangoni, mkewe akaitikia salamu yangu bila kunitazama. Nikaomba radhi kirefu. Nikaeleza baridi, nikaeleza chai, nikaeleza yule mgeni na miwani yake. Ezekia alinisikiliza mpaka mwisho, hana hasira, ningependa angekuwa na hasira.

"Yule bwana hakuijua mila yetu, sina neno naye," akasema. "Lakini wewe mwalimu, mwezi wa nne pale mnadani ulimwona mama mkwe wako anakuja ukaruka uzio wa watu, ukavunja trei la mayai. Mayai yale nilikuokotea mimi. Kuna mtu alikuandika?"

 Akaniuliza kama nitakunywa maji, nikasema hapana, nikaondoka.

Ezekia alibeba kahawa ya watu kwa baiskeli mpaka magoti yakamkatalia. Mimi shuleni wakitafuta wa kupuliza filimbi hata kwenye mbio za magunia za watoto, nasema nina kikohozi. Nimestaafu nikikohoa hivyohivyo, na filimbi sitaigusa tena, maana wakinipa tena siku ileile, na baridi ileile, na mgeni yuleyule akaniuliza mbele ya watu, sina hakika kwamba nitasema.