Mbegu Tulizozipandisha Ukingoni

Juzi lori la mchanga lilipita nyuma ya nyumba yetu hapa Malindi, likatikisa vyombo kabatini, na mimi na mvi zangu zote nikajikuta nimelikumbatia debe la mchele. Mjukuu wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Bibi, kwani lori linakuja kuiba mchele?" Nikacheka naye, ningefanyaje. Lakini wewe sikufichi: kwa kitambo kile nilikuwa nimerudi Tana, mtoto wa miaka ya hamsini, na bibi yangu ananihimiza nishike mashuke ya mbegu.

Tuliishi chini kidogo ya Ngao, bondeni, kati ya mto na mashamba ya mpunga. Nchi ile ni tambarare. Mahali pekee palipoinuka ni ukingo wenyewe, tuta refu ambalo mto umejijengea kwa udongo wa mafuriko yake, na juu yake tulipanda migomba. Maji yalipofurika, kila nyumba ilihamia ukingoni na kuku wake, vyungu vyake na mbegu zake, ikakaa huko mpaka mto utulie. Hakuna aliyetufundisha. Likija la kutisha, unapanda ukingoni, basi.

Mbegu zetu zilining'inia juu ya meko, mashuke ya mpunga yaliyofungwa kwa kamba nyeusi ya masizi, moshi ukiyalinda na wadudu. Ulikuwa mpunga mwekundu, ule unaorefuka kadiri maji yanavyopanda, na asubuhi mama alipoutwanga harufu ilijaa uani kabla hata haujaingia chunguni. Tuliula kwa kambare mkavu. Lakini mashuke ya juu ya meko hayakuguswa, hata tulale na njaa. "Hicho si chakula," bibi alikuwa akisema, "hicho ni mwaka kesho." Ukinyoosha mkono unachapwa, na bibi hakuwa na mkono mwepesi.

Maji yakishapungua, sisi watoto tulishuka mtoni kucheza. Tulichagua mchanga uliobaki na unyevu, unaoonekana mgumu kabisa, tukaukanyagakanyaga kwa pamoja. Mara maji yanatoka juu, mchanga unalegea kama uji, na miguu inadidimia mpaka vifundoni. Tulikuwa tukicheka sana. Mama alitukaripia kwa sababu ya mamba, si kwa sababu ya mchanga.

Mwaka ule mafuriko yalikuwa makubwa, na mto ulishuka kwa haraka kuliko kawaida. Tukarudi bondeni, mbegu zikarudi juu ya meko. Asubuhi moja mama akiwa kinuni ardhi ikanguruma. Vyungu viligongana, kuku wakaruka, mchi ukamponyoka mama. Halafu kimya. Hakuna aliyekuwa na jina la jambo lile. Bibi, ambaye maisha yake yote hakuwa na adui mwingine ila maji, alisikiliza kidogo akasema, "Mto unarudi. Shikeni mbegu."

Usimcheke. Kijiji kizima kilisema hivyohivyo. Kila nyumba ilitoka na mashuke yake kichwani, tukapanda ukingoni kwenye migomba, tukayapanga juu ya vichanja vilevile vya wakati wa mafuriko. Nyufa zilikuwepo, nyembamba, zimefuata urefu wa tuta, na maji yakichuruzika ubavuni kwa chini. Jirani yetu aliziziba kwa tope akakanyaga vizuri. Udongo ule ulikuwa bado umeshiba maji ya mafuriko mpaka ndani, kama mchanga wetu wa kuchezea, lakini nani alikuwa anatazama udongo? Sote tulitazama mto.

Adhuhuri bibi alitutuma bondeni kuchukua vyungu. Wengine nao walikuwa wameshuka kupika. Ndipo ardhi ilipotikisika mara ya pili, hata si kwa nguvu kama ya kwanza. Nilitazama juu nikaona migomba inaondoka. Haikuanguka. Ilikwenda imesimama wima, majani yakipepea, na vichanja vyetu chini yake, ikashuka polepole upande wa mto mpaka sikuiona tena. Kisha ukaja mshindo wa maji.

Bibi alikimbia. Sikujua kama anaweza kukimbia. Jirani alimshika kiunoni pale tuta lilipokatika, bibi akawa anamkwaruza mikono, anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Niache, baba, niache niteremke, mbegu zangu zile pale." Kweli zilikuwa pale. Fungu moja lilizunguka kwenye maji ya tope, likazama. Mama alijifunika uso kwa kanga. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu hakuna mkubwa hata mmoja aliyekuwa anajua la kufanya.

Ungesema tungeazima mbegu kwa jirani. Jirani gani? Wote tulikuwa na akili moja, na wote tuliziweka ukingoni. Msimu wa kupanda ulipita tukiutazama. Tulikula mizizi ya yungiyungi ziwani, na mdogo wangu wa kiume hakuuona mwaka kesho wa bibi. Mama mmoja wa Kiorma, aliyezoea kutuletea maziwa akapewa wali, alikuja na kibuyu chake akachungulia juu ya meko. "Mama, mwaka hii hapana mpunga?" Bibi alitikisa kichwa. Yule mama akamimina maziwa yote, akaondoka na kibuyu kitupu.

Baadaye ilikuja mbegu ya dukani Garsen, nyeupe, fupi. Mafuriko ya kwanza yaliizamisha. Bibi hakuitundika pale. Kamba yake nyeusi ilibaki tupu juu ya meko, na kila msimu aliifungua, akaifunga upya, mpaka alipofariki.

Nilipomaliza kumsimulia haya, mjukuu wangu alinipokonya debe taratibu akalirudisha mahali pake. Akaniuliza, huo mchele mwekundu ulikuwa mtamu? Harufu yake ninayo mpaka leo, mlio wa mchi ninao, mikwaruzo ya mikono ya jirani ninayo. Ladha nimeitafuta, sikuiona, na hakuna tena aliye hai wa kumwuliza.