Haron Anaongoza Sifa

Haron Onsongo aliamini Mungu amemwita kuongoza sifa. Kama Mungu alibadilisha mawazo baadaye, Haron hangesikia, maana spika zilikuwa juu sana.

Siku za kazi aliuza vipuri vya pikipiki kando ya barabara kuu pale Keumbu, na huko hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza wateja. Lakini Sabato ikifika, akivaa koti lake la samawati linalong'aa na kushika maikrofoni, yule mtu mwenye akili alibaki dukani. Aliyesimama mbele ya kanisa alikuwa mwingine kabisa: mfumba macho, mlia bila machozi, mtu wa kuwaambia akina mama waliochuma chai wiki nzima kwamba hawajainua mikono vya kutosha.

Mkewe, Kemuma, aliimba nyuma yake katika kikundi, akikitazama kisogo chake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na chuoni alifunzwa muziki kidogo, kiasi cha kutosha kumkosesha amani. Kumdharau mtu unayempikia ni upweke wa aina yake, na alikuwa ameuzoea.

Angevumilia, kama si Mama Nyasani, mamake Haron. Msimu wa mvua kubwa kiharusi kilimwachia mama huyo mguu mzito na mkono mmoja dhaifu, kikamnyang'anya maneno. Akitaka maji alinyoosha kidole. Akiulizwa jina la mwanawe alifungua mdomo, akaufunga, akageukia ukuta. Kisha asubuhi moja Kemuma alikuwa akimenya ndizi, akiimba polepole wimbo wa zamani wa lugha yao ya Ekegusii, akasikia sauti nyingine nyuma yake. Mama alikuwa anaimba, tena kwa maneno yaliyonyooka, ubeti mzima. Wimbo ulipoisha, akawa bubu tena.

Daktari kule Kisii mjini alisema hutokea. Wamwimbishe, alisema, hasa akiwa kati ya watu. Kemuma akashika hilo kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti pekee iliyobaki kwa mama huyo, na aliogopa kwamba isipotumiwa nayo itaenda.

Basi kila Sabato walimkokota hadi kanisani, na kila Sabato mwanawe alimnyamazisha. Haron alianzisha kila wimbo juu, pale ambapo sauti yake mwenyewe ilinoga. Kufika kiitikio wanawake walikuwa wanajikamua koo, na wanaume wamekata tamaa. Nyimbo zilikuwa mpya kila wiki, za kutoka kwenye simu yake. Akichagua inayojulikana, aliikata kati ya beti ili ahubiri kidogo. Mama Nyasani alifungua mdomo, akatafuta pa kuingilia, akakosa.

"Baba Mose, kesho anzisha chini," Kemuma alimwambia mumewe Ijumaa moja wakinywa chai.

"Chini nitasikika kama ng'ombe mgonjwa."

"Wewe usisikike. Wasikike wao. Chukua wimbo wanaoujua, mwambie Nyabuto apunguze kinanda, uimbe mwanzo hadi mwisho bila hotuba katikati. Ukijisikia wewe kuliko kanisa, umekosea."

"Hiyo ni kwaya ya shule, Mama Mose. Hii ni huduma."

"Mamako anataka kuimba."

"Si aimbe? Nani amemkataza?"

"Wewe."

Haron alicheka, kisha akaacha. "Sawa, mwalimu. Kesho nitampa wimbo wake."

Akampa. Kwanza alilisimulia kanisa lote habari za kiharusi, hata mambo ya choo. Kisha akauanzisha wimbo, juu vilevile, na Nyabuto akautia mdundo wa harusi. Kwenye ubeti wa pili Haron alishuka, akapiga magoti mbele ya mamake, akamsogezea maikrofoni hadi kwenye midomo.

"Imba, mama. Wasikie Bwana alivyokutendea."

Watu wakainua simu zao. Spika zikapiga yowe. Mama Nyasani akajifunika mdomo kwa ule mkono wenye nguvu, na hakuuondoa.

"Amezidiwa na Roho," Haron akatangaza, na kanisa likasema amina.

Wiki ile yote mama hakuimba, hata jikoni. Kemuma aliimba hadi akakauka koo, na mama alitazama moto tu.

Sabato iliyofuata Kemuma hakuvaa sare ya kikundi. Alimshika mama mkono, wakaelekea kanisa dogo la mabati ng'ambo ya kijito.

"Watu wakiniuliza bibi na mamangu wako wapi?" Haron aliuliza, tai mkononi.

"Waambie wameenda kuimba."

"Kule? Hawana hata spika."

"Najua."

Kanisa lile halikuwa mbinguni. Mzee Mogaka, mwanzisha nyimbo, aliziburuta kama gunia, na dada mmoja aliimbia puani. Kemuma aliwadharau na hao pia. Lakini Mogaka alianza chini, maana uzee haukumwachia sauti nyingine, na hakumtazama mtu. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kwenye wa tatu Kemuma alisikia sauti ya kukwaruza begani pake, maneno yakitoka moja moja, kamili. Hakuna aliyegeuka.

Sabato ya pili Haron alifika, kinanda kimefungwa nyuma ya bodaboda.

"Nimekuja kuwasaidia," alisema mlangoni.

"Kiache nje," Kemuma akamjibu. "Uje ukae karibu naye."

Akakaa. Mogaka alipoanza, Haron alidakia kwa ile sauti yake ya mbele ya watu, yenye mapambo. Mama mmoja kwenye benchi la mbele aligeuka, akamtazama kama mbuzi aliyeingia dukani. Haron akashusha sauti. Kwenye ubeti wa pili alianza kutafuna hewa tu, kwa kuwa hakujua maneno. Mamake aliyajua. Alipaza sauti kidogo, bila kumtazama, akitamka kila neno wazi, kama mtu anayemlisha mtoto. Haron alimfuata, amechelewa neno moja nyuma yake.

Kemuma akageukia dirisha, asije akamhurumia mapema.