Dawa Chungu na Uchungu wa Bi Mbona

Mtaani kwao, fundi yule wa cherehani aliitwa Bi Mbona, na jina alijitafutia mwenyewe. Ukimpelekea gauni alipunguze, mbona umekonda? Ukichelewa kulifuata, mbona umechelewa? Hata siku aliyoposwa aliuliza, "Mbona mimi?" Mume hajapata jibu mpaka leo.

Basi mimba yake ya pili ikafika siku zake, ikazipita. Tumbo likawa linaigusa cherehani kabla ya mikono. Mtoto wa kwanza alitolewa kwa kisu, na huyu Bi Mbona alitaka kumzaa kwa nguvu zake, alitaka hasa. Kila mteja aliyeingia na kitambaa aliingia na dawa yake: kula nanasi, tembea, panda ngazi. Mmoja, mtu mzima na heshima zake, alimnong'oneza kwamba kilichomwingiza mtoto ndicho kitakachomtoa, akacheka mpaka akasahau vifungo vyake mezani.

Kisha akaja shangazi wa mumewe na chupa kikapuni.

"Kunywa mwanangu. Mzizi huu haujawahi kushindwa."

Bi Mbona akachovya kidole, akaonja, uso ukamkunjamana. "Mbona chungu hivi, shangazi?"

"Si ndiyo kazi yake! Chungu huleta uchungu. Jina lenyewe linasema, wewe wataka kuambiwa na nani tena?"

Maneno yakamwingia. Akainua chupa mpaka mdomoni, lakini mbona yake ikamwasha kooni kuliko dawa. Akaishusha, akajitanda, akaenda nayo kliniki kwa mkunga aliyekuwa akimpima.

Mkunga alisikiliza habari yote, akauliza, "Mama, nyumba yako ina paa?"

"Inalo."

"Umewahi kuliona likikimbia porini?"

Bi Mbona akacheka akilishika tumbo. "Haya, na nanasi?"

"Litakuchubua ulimi tu."

"Tende?"

"Kula, ni chakula. Huenda zikasaidia kidogo, lakini usizitegemee."

"Kutembea?"

"Tembea. Ukichoka, keti."

"Na lile la... la kilichomwingiza?"

Mkunga akatazama dirishani. "Kama chupa haijapasuka na daktari hajakukataza, halina neno. Ila likishindwa usimlaumu mumeo."

"Chupa ipi tena?"

"Ya maji ya mtoto! Si hiyo ya kikapuni."

"Na hii ya kikapuni?"

Hapo mkunga hakucheka. "Hiyo, na hata mafuta ya nyonyo wakikushauri, weka mbali. Mafuta yatakuendesha mpaka uishiwe maji mwilini. Mzizi, hakuna ajuaye kipimo chake. Tumbo likibana bila kupumzika, mtoto hukosa hewa. Na wewe una kovu ndani. Nguo iliyowahi kushonwa ukiivuta kwa ghafla, huchanika wapi, fundi?"

Bi Mbona hakuuliza mbona. Alizijua nguo. "Kwenye mshono," akasema polepole.

"Basi. Na siku zikipita hivi usikae nyumbani ukionja mizizi. Njoo tukupime."

Akapimwa siku ile ile, mtoto akaonekana mzima, akaambiwa arudi kesho. Chupa akamrudishia shangazi kwa mikono miwili. Shangazi akanuna. "Haya, wasomi. Tutaona."

Kesho yake, Bi Mbona akishona upindo wa pazia, kabla hata ya kuondoka nyumbani, uchungu ukaja wenyewe. Alikimbizwa hospitali, wakamwangalia kwa karibu kwa ajili ya lile kovu, akajifungua binti kwa nguvu zake, kama alivyotaka.

Shangazi akaja kumwona, kinyongo bado usoni. "Haya, umekunywa nini?"

"Chai."

"Umekula nini?"

"Mkate, shangazi."

"Kwa hiyo uchungu umeletwa na nini?"

"Nimemuuliza mkunga. Anasema hata wenye elimu zao hawajalijua lote, bado wanatafuta."

Shangazi akampokea mtoto, akamtazama usoni, kisha akamuuliza yeye mwenyewe, "Na wewe, mbona umechelewa?"