Mishale Iliyovuliwa Nguo

Mwezi uliopita, nikitoka Mombasa kwenda sijui wapi, nilishuka Machakos nikae siku mbili kama mtalii: nile hotelini, nitazame makumbusho, nisijuane na mtu. Lakini wewe unanijua, rafiki yangu. Miguu ilinipeleka moja kwa moja kwenye lile jumba dogo la makumbusho ambamo bibi yangu alivunja kioo.

Nilikuwa darasa la sita. Mjomba, aliyekuwa mchinjaji kwenye kiwanda cha nyama Athi River, alitujia Kithimani Jumamosi asubuhi akasema mimi na bibi tumelima vya kutosha, twende mjini wikendi nzima. Jumamosi makumbusho na kuku, Jumapili samaki kando ya bwawa. Bibi akajifunga leso mpya ya manjano, akachukua fimbo yake.

Kwetu mshale wa sumu huvishwa. Ncha huzungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi laini, sumu isikauke wala isimguse mtu, na huvuliwa siku ya kuua tu. Tukipalilia mbaazi, bibi alikuwa akisema, "Mshale uliovuliwa nguo tayari una mtu wake." Alijua. Kifungua mimba wake alikwaruzwa kidole na mshale ambao babu aliuacha wazi baada ya ugomvi wa mpaka na jirani. Alikufa kabla muthokoi wa mahindi na maharage haujaiva chunguni.

Basi fikiria alichokiona mle makumbushoni. Mishale saba nyuma ya kioo, yote uchi, na watoto wa shule wamebandika pua hapo hapo.

"Nani amevua hizi?" akauliza.

Mlinzi akacheka. "Shosho, hizo ni za kitambo. Haziumi."

"Na nyoka mzee haumi?"

Watoto wakaangua kicheko. Mjomba, jasho likimtoka, akanong'ona kama Mkamba anavyomwita mamake: "Mwaitu, twende tukakule kuku."

Fimbo ilipanda mara moja. Kioo kilimwagika kama mvua ya mawe, watoto wakakimbia wakipiga mayowe. Mlinzi akamkaba bibi shingo kwa nyuma. Mjomba, ambaye sikuwahi kumwona akimpiga hata mbwa, alimgonga mlinzi kwa kichwa puani, damu ikarukia gauni langu. Wakaanguka juu ya vipande vya kioo, wakitwangana ngumi na kuumana. Bibi hakuwatazama. Alirarua leso yake akaanza kuivisha ile mishale, mmoja mmoja, mikono yake ikichuruzika damu.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Damu ile na ncha zile! Nilimvuta kiuno nikilia. Akanisukuma kwa kiwiko, akavisha yote saba.

Polisi walipomchukua mjomba, bibi alinipeleka hotelini mkabala na kituo cha polisi akaagiza kuku, maana ahadi ni ahadi. Sikuweza kula. Nilikuwa nikiangalia midomo yake kama inageuka myeusi. Alitafuna paja lote, akanyonya mfupa. "Kula," akasema. "Leo hakuna wa kufa." Mjomba alitoka Jumapili jioni, jino moja limeng'oka. Samaki hatukumla.

Mwaka uliofuata niliacha shule, na tangu hapo sijatulia mahali. Bibi hayupo, mjomba hayupo, shamba la mbaazi limejengwa maduka. Nimezurura kote, na sijakutana na mtu anayejua kwamba mshale huvaa nguo.

Kioo ni kipya sasa. Mishale sita iko uchi. Wa saba, kule pembeni, bado una kitambaa cha manjano kilichopauka, na doa la kahawia. Nilimwuliza msichana anayehudumu pale ni nani aliyeuvisha.

"Sijui, mama. Nilikuta hivyo. Tutakitoa tukisafisha."

"Msiuvue," nikamwambia. "Ukivuliwa, una mtu wake."

Akacheka kidogo, kama yule mlinzi. Nikatazama mkono wangu. Sikuwa na fimbo.