Mdoli Wenye Kiti

Kila asubuhi, kabla hata hajatundika mkoba, Mama Betri alisimama mbele ya rafu ya midoli akapiga makofi. Midoli ile iliamshwa na kelele. Ikisikia makofi au mtu akipaza sauti, yote iliropoka kwa pamoja: "Msichana, usinyamaze! Dai nafasi yako!" Uliokaa kimya alijua betri imekufa, anachuchumaa, anaupasua mgongo na kuubadilishia. Ndiko jina lilikotoka.

Kuchuchumaa ndiko kulikommaliza. Rafu ilikuwa chini kwa ajili ya watoto, na magoti yake yalishavimba kama viazi. Duka zima lilikuwa na viti viwili: cha bosi, na cha shemeji yake bosi, aliyekaa kaunta akichezea simu. Wauzaji, wote wanawake, walisimama kutwa.

Siku hiyo ikaletwa midoli mipya. Suti ya rangi ya waridi, miwani, na kila mmoja na kiti chake cha kuzunguka. Boksi limeandikwa: Binti Bosi, Hakuna wa Kumzuia. Mama Betri akakizungusha kile kiti kwa kidole, kisha akamfuata bosi.

"Bosi, naomba stuli tu. Magoti yananiua."

"Mama, mteja akikukuta umekaa, atasema umechoka."

"Si nimechoka kweli?"

"Sasa ndiyo umtangazie?"

"Huyu wa plastiki hata goti hana, kapewa kiti!"

Shemeji akaangua kicheko. "Basi na wewe ingia kwenye boksi, Mama Betri!"

"Nikiingia nani atanibadilishia betri? Wewe hata ya rimoti inakushinda."

Wateja wakacheka. Bosi akapandwa na mori. "Nyamaza!"

"Msichana, usinyamaze!" rafu nzima ikamjibu. "Dai nafasi yako!"

"Nimesema nyamaza!"

Ikarudia. Kitoto cha mteja mmoja kikapiga vigelegele, na midoli ikakijibu nacho. Bosi akainama sikioni kwa Mama Betri, ananong'ona kama mwizi: "Izime."

"Haizimwi, baba. Mpaka utoe betri, mmoja mmoja, umechuchumaa." Akachukua mkoba wake. "Mpe kazi shemeji. Magoti yake yamepumzika miaka yote."

"Ukitoka hapa usirudi!" bosi akafoka, keshasahau kwamba kelele ndiyo inayoiamsha.

Midoli ikamjibu tena kwa furaha. Mama Betri hakuisikia ikimaliza. Alishavuka barabara, anatafuta pa kukaa, na dukani pale hakukanyaga tena.